Tiba shufaa: Sheria tatu kabla ya kumhudumia mgonjwa

TANZANIA Bara haina sheria ya pekee inayotoa leseni kwa hospisi, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautazamiwi kupona. Anayekusudia kutoa huduma hiyo, ambayo wataalamu huiita tiba shufaa, hana budi kutimiza masharti ya sheria za aina tatu.

Ya kwanza inahusu kituo. Sheria ya Usimamizi wa Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilizuia tiba binafsi ya kibiashara, hadi marekebisho ya mwaka 1991 yalipoiruhusu tena. Kituo binafsi hakiruhusiwi kupokea wagonjwa kabla ya kusajiliwa.

Ya pili inahusu watumishi. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017, na muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010. Mtu wa kujitolea anaweza kumwogesha, kumlisha na kumfariji mgonjwa, lakini kuandika dawa si kazi yake.

Ya tatu, na iliyo nzito zaidi, inahusu morfini, dawa kuu ya maumivu makali ya saratani. Dawa hiyo inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, na nchini inaguswa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Kwa Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao makuu yakiwa Bariadi, sharti hilo lina uzito wake. Hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko Mwanza. Mgonjwa anayerejeshwa nyumbani Meatu au Itilima hupata nafuu iwapo tu kituo kilicho karibu naye kina morfini na mtaalamu mwenye mamlaka ya kuiandika. Uganda ilipunguza tatizo kama hilo mwaka 2004, ilipowaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika.

Njia ambayo imekwisha kujaribiwa nchini ni kuiweka hospisi ndani ya hospitali iliyokwisha kusajiliwa, kama zilivyofanya Selian mkoani Arusha na Teule wilayani Muheza. Kwa njia hiyo usajili, madaktari na stoo ya dawa huwa tayari vipo, na kinachobaki ni kuwafikia wagonjwa majumbani.