Reli Iliyozaa Eastlands Haitupeleki Ocha

Kila Desemba mtaani stori ni ile ile: nauli ya kwenda ocha imepanda, basi zimejaa, na lazima mtu aulize, "Kwani treni ilienda wapi?" Kwangu hilo ni swali la historia kabla ya kuwa la usafiri.

Sisi wa Eastlands tuna haki ya kuliuliza. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa 1899 na Kisumu 1901. Nairobi yenyewe ilizaliwa kama kituo cha reli. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wake, na majina kama Landi Mawe na Landhies Road bado yanatukumbusha landi walizolala. Mzee wa Butere aliyefanya kazi Nairobi alirudi kwao kwa gari la moshi, daraja la tatu, na mizigo yake miguuni.

Lakini tusidanganyane: reli ile haikuwekwa kwa ajili ya safari zetu. Waingereza walitaka kufika Uganda, kisha wakatoa matawi kuelekea mashamba ya walowezi, kama Kitale, Nanyuki na Nyahururu. Kisii haikupata reli, Garissa pia. Huko kote ni basi lililofika, na stendi ya Machakos Airport ikawa ndio kituo chetu kikuu.

Halafu ikaja SGR mwaka 2017. Nairobi hadi Mombasa ni saa 5 au 6 hivi, na basi huchukua zaidi ya 8. Watu walihama barabara bila kubembelezwa, ingawa nauli ya chini ilipanda kutoka shilingi 700 hadi 1,500 kufikia 2024. Hiyo ni ithibati kwamba Mkenya akipata treni ya haraka inayotoka kila siku, anapanda.

Upande wa magharibi mambo ni tofauti. Mwaka 2019 reli mpya ilifika karibu na Naivasha ikasimama, kwa sababu mkopo wa China wa kuendelea haukupatikana. Desemba 2021 treni ya Kisumu ilirudishwa, lakini kwenye reli ya kale, mara moja kwa wiki, usiku kucha. Basi lilikuwa linafika mapema zaidi. Nani angengoja Ijumaa?

Kwa hivyo, treni inaweza kuchukua nafasi ya barabara? Kote, hapana. Kwenye njia kuu, ndio, mradi iwe ya kila siku, ya haraka, na matatu zikungoje ukishuka. Na hili si jambo la starehe. Kila msimu wa sikukuu tunasikia ajali za Salgaa na za Mombasa Road, na wanaofia huko ni watu waliokuwa wanaenda tu kusalimia wazazi. Mara ya kwanza ramani ya reli ilichorwa bila kutuuliza. Ikichorwa tena, ianze na swali la nani anaenda wapi Desemba.