Nani Asimame Kwenye Kamba

Sydney, tarehe 28 Novemba 1979. Katika mechi ya kriketi, mpira mmoja tu umebaki na West Indies inahitaji mikimbio mitatu iishinde Uingereza. Aliyeshika gongo ni Colin Croft, mrushaji aliyetisha wapigaji wa dunia nzima ila mwenyewe hakuwa hodari wa kupiga. Nahodha wa Uingereza, Mike Brearley, anazijua sheria vizuri, na anajua hakuna inayomkataza kufanya anachotaka kukifanya. Anawatuma wachezaji wake wote mpakani, wauzunguke uwanja kama ua. Hata kipa, David Bairstow, ambaye kazi yake ni kuchutama nyuma ya wiketi, anatimua mbio na glavu zake mkononi hadi ukingoni. Katikati wanabaki mrushaji Ian Botham, wapigaji wawili na waamuzi.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Katika kriketi mpira ukivuka mpaka baada ya kudunda, mpigaji anapata mikimbio 4. Ukivuka bila kudunda, 6. Ukidakwa kabla ya kugusa chini, ametoka. Brearley aliuziba mpaka, akamwachia Croft eneo lote la kati ambalo lisingemfaa kitu. Botham akarusha, Croft akakosa, wiketi ikavunjika. Uingereza ilishinda kwa mikimbio 2, na Brearley alizomewa mno katika ziara ile. Lakini kosa la kisheria hakulifanya hata moja.

Dawa ilikuwepo tayari. Tajiri wa televisheni wa Australia, Kerry Packer, alikuwa ameendesha mashindano yake ya uasi kati ya 1977 na 1979, akiwavisha wachezaji nguo za rangi na kuwachezesha usiku kwa mpira mweupe. Humo ndimo ulimojaribiwa mduara unaochorwa uwanjani, yadi 30 (kama mita 27) kutoka kwenye wiketi, pamoja na idadi maalumu ya wazuiaji wanaolazimika kubaki ndani yake. Msimu wa 1980/81 mduara ukaingia katika mechi rasmi za siku moja nchini Australia. Mimi sioni kwamba uliletwa kwa ajili ya haki. Uwanja uliozibwa pande zote ulikuwa wa haki kwa timu zote mbili. Tatizo lake ni kwamba ulichosha macho, na aliyelipa kiingilio alitaka kuona mpira ukiruka.

Baadaye sharti likakazwa: katika ova 15 za mwanzo (ova ni awamu ya mipira sita), wazuiaji wawili tu ndio walioruhusiwa kukaa nje ya mduara. Kwa miaka kadhaa timu nyingi ziliendelea kuanza polepole kama zamani. Kombe la Dunia la 1996 ndilo lililobadili mambo. Sri Lanka iliwatanguliza Sanath Jayasuriya na Romesh Kaluwitharana, wakaanza kuupaisha mpira juu ya vichwa vya waliofungiwa ndani. Kenya ililijua hilo mapema kuliko wengi. Tarehe 29 Februari iliishangaza dunia kwa kuishinda West Indies kwa mikimbio 73 mjini Pune. Siku chache baadaye, mjini Kandy, Sri Lanka iliipiga 398, rekodi ya mechi za siku moja wakati huo. Kenya haikuvunjika moyo, ilijibu kwa 254, na Steve Tikolo alitoka akiwa na 96, minne tu pungufu ya mia. Mwaka huohuo, tarehe 4 Oktoba, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mia kwa mipira 37 jijini Nairobi, tena dhidi ya Sri Lanka hiyohiyo. Rekodi ile ilidumu hadi Januari 2014.

Kuna badiliko jingine lililokuja kimyakimya, nalo nadhani lina uzito kuliko mduara. Zamani katika viwanja vingi mpaka ulikuwa uzio wenyewe. Mzuiaji akiufikia, amefika. Nyuma yake ni mbao na watazamaji. Kisha ikatandazwa kamba ndani ya uzio, wachezaji wasijigonge na mabango ya matangazo yapate pa kukaa. Mpaka ukasogea karibu na mpigaji, na kati ya kamba na uzio ukabaki ukanda wa nyasi. Ukanda huo ndio uliozaa ubishi wote uliofuata, maana sasa mtu aliweza kutoka nje ya uwanja na kurudi.

Mwaka 2003 Uingereza ilianzisha mechi za ova 20 kwa kila timu, wazo lililopigiwa debe na meneja masoko Stuart Robertson na kupitishwa na klabu za majimbo kwa kura 11 dhidi ya 7. Kombe la kwanza la dunia la mtindo huo lilichezwa Afrika Kusini mwaka 2007, na Kenya ikaangukia tena mikononi mwa Sri Lanka. Safari hii ilikuwa 260. Jayasuriya peke yake alipata 88. Kenya nzima ikatolewa kwa 88.

Mpira ukipaishwa namna hiyo, mzuiaji wa kambani anageuka mwanasarakasi. Mwaka 2009, Trent Bridge, Angelo Mathews wa Sri Lanka aliurusha mpira juu alipoona anavuka kamba, akaruka akiwa nje na kuupiga kofi urudi uwanjani kabla miguu yake haijagusa chini. Badala ya sita, West Indies ikaambulia mikimbio mitatu.

Siku ya Mwaka Mpya wa 2023, jijini Brisbane, mzuiaji Michael Neser alikwenda mbali zaidi. Mpigaji Jordan Silk alikuwa na 41 kwa mipira 23 alipoupiga mpira kuelekea kambani. Neser aliudaka ndani, akaurusha juu, akavuka kamba, akaruka na kuusukuma ukiwa hewani kuelekea uwanjani, akatua nje, kisha akaingia ndani na kuudaka. Mwamuzi alimtoa Silk, na kwa sheria ya siku ile alikuwa sahihi: ilitaka tu mguso wa kwanza uanzie ndani, na mpira usiguswe na mtu ambaye miguu yake iko chini nje ya mpaka. Idadi ya miruko haikutajwa. Kwa maandishi yale, mtu angeweza kurukaruka na mpira hadi majukwaani.

Mashabiki walibishana kwa zaidi ya miaka miwili. Juni 2025 mashindano ya kimataifa yakaanza kutumia kanuni mpya, na klabu ya MCC, inayotunza sheria za mchezo, ikapanga kuiingiza katika kitabu chake Oktoba 2026. Aliyevuka kamba anaruhusiwa kuugusa mpira mara moja tu akiwa hewani nje. Baada ya hapo lazima atue ndani kabisa. Hata akimpasia mwenzake audake, yeye mwenyewe lazima arudi ndani.

Wengi wanadhani kanuni hiyo ingemwokoa David Miller. Juni 2024, Bridgetown, fainali ya Kombe la Dunia la ova 20: Afrika Kusini inataka 16 katika ova ya mwisho, Miller anaupaisha mpira wa kwanza, Suryakumar Yadav wa India anaudaka, anaurusha juu, anavuka kamba, anarudi, anaudaka tena. India ilishinda kwa 7. Yadav hakuugusa mpira hata mara moja akiwa nje, kwa hiyo kanuni mpya haimhusu. Wanaolalamika wanaonyesha alama nyeupe kwenye nyasi na kudai kamba ilikuwa imesogezwa nyuma. Lakini mpaka wa kisheria ni pale kamba ilipowekwa kwa ajili ya mechi ile, na alama iliyobaki kwenye nyasi haihesabiki.