Baridi yabisi hula mfupa kabla kidole hakijapinda

MWAKA 2004 homa ya chikungunya, ambayo huenezwa na mbu, ilizuka katika visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Uchunguzi wa damu katika kisiwa cha Lamu ulionyesha kuwa takriban watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Jina la homa hiyo limetokana na lugha ya Kimakonde, nalo laeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Wengi wanaougua chikungunya hupona. Hapo ndipo penye hatari kwa mkazi wa kisiwa jirani cha Pate anayeamka na vidole vilivyovimba, kwani aweza kudhani ni mabaki ya homa ile na kwamba yakisubiriwa yatapita. Ugonjwa wa baridi yabisi nao huanza kwa uvimbe na maumivu kama hayo, lakini hauna kawaida ya kupita. Hata jina lake lapotosha: hausababishwi na baridi ya kusi wala maji ya bahari.

Katika ugonjwa huu, chembechembe za kinga ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu hugeuka na kuushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando huo huvimba, hunenepa, kisha hutambaa hadi pembezoni mwa kiungo, mahali ambapo mfupa haukufunikwa na gegedu. Hapo mfupa huanza kuliwa.

Mfupa hai si jiwe. Kila siku ziko chembe zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga, kwa kipimo kinacholingana. Kemikali zitokazo katika utando uliovimba huzizidishia nguvu zile za kubomoa na kuzizuia zile za kujenga, mfano wa nyumba ya matumbawe inayong'olewa mawe bila fundi wa kurudishia chokaa.

Katika picha ya eksirei, dalili ya kwanza ni mfupa ulio karibu na kiungo kuonekana umefifia. Vijishimo vya pembeni hufuata, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza, na kwa baadhi ya wagonjwa ndani ya miezi michache tu. Kidole kupinda huja baadaye sana. Kwa hiyo picha isiyo na kasoro katika mwezi wa kwanza haimtoi mtu hatarini. Mifupa ya nyonga na uti wa mgongo nayo hupungua uimara, na vidonge vya steroidi, ingawa hutuliza maumivu upesi, huongeza upungufu huo vikitumiwa kwa muda mrefu.

Chikungunya huanza ghafla kwa homa kali, aghalabu pamoja na vipele. Baridi yabisi mara nyingi huja polepole, katika mikono yote miwili, kwenye vifundo vya vidole na viwiko vya mikono, na ukakamavu wa asubuhi hudumu zaidi ya nusu saa. Uvimbe uliopita wiki sita wahitaji daktari, kwa kuwa kwa baadhi ya watu maumivu ya chikungunya nayo hudumu miezi, hata miaka, na kutenganisha magonjwa haya mawili si kazi ya kubahatisha nyumbani. Vipimo vya damu husaidia, ila visipoonyesha kitu bado ugonjwa waweza kuwapo.

Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na moshi wa tumbaku, zao lilimwalo hata kati ya magofu ya mji wa Pate, huongeza hatari. Kwa mwanamke anayesuka ukili au mvuvi wa Kizingitini anayevuta mshipi, vidole ndiyo riziki.

Safari ya mashua kutoka Pate kwenda Lamu kupitia mkondo wa Mkanda hungoja maji yajae, na ni rahisi kuiahirisha. Lakini dawa hufaa zaidi zikianzwa katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza; huzuia mfupa usiendelee kuliwa, ila kwa kawaida haziurudishi ulioliwa. Dawa inayotangulia ni methotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, pamoja na vidonge vya asidi ya foliki, na mwanamke mjamzito hapewi.