Nyota Isiyotoa Nuru

Wazo la shimo jeusi halikuzaliwa jana. Mwaka 1783 John Michell, kasisi Mwanglikana wa Thornhill, Uingereza, alimwandikia rafiki yake Cavendish: nyota yenye msongamano kama wa jua, lakini yenye kipenyo kizidicho cha jua mara 500, ingeirudisha kwake nuru yake yenyewe. Itatafutwaje basi? Kwa kuchunguza mwendo wa nyota nyingine inayoizunguka. Shauri hilo, kwangu mimi, lapita hata hesabu yake. Michell alifariki mwaka 1793, barua ikasahauliwa. Mwaka 1971, katika kundi la nyota la Cygnus, Louise Webster na Paul Murdin, na Tom Bolton nchini Kanada, walipima nyota ya buluu iliyozungushwa, kila siku 5 na nusu hivi, na mwenzi mzito asiyeonekana.