Mabaki ya Mwandishi na Historia ya Karagwe

Kila kazi ya kuandika huacha mabaki. Zamani yalikuwa karatasi zilizofutwa-futwa kwa wino. Leo ni mafaili ya muda ambayo programu ya kuandikia huyafanya ndani ya kompyuta. Watu wengi huyahesabu kuwa takataka. Nia ya insha hii ni kuonyesha, kwa mfano wa Karagwe, ya kuwa mtu ayatupaye kabla ya kuyatazama aweza kuteketeza ushahidi.

Mwezi wa Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki mpaka Aprili. Wote wawili waliandika habari za safari, na Grant alichora picha. Mwaka 1863 nyumba ya Blackwood ya Edinburgh ilitoa kitabu cha Speke, na kwa muda mrefu wasomaji walikipokea kama maneno yake mwenyewe, neno kwa neno.

Lakini sivyo. Speke hakuwa hodari wa kuandika, na mchapishaji aliikabidhi kazi yake kwa John Hill Burton, mwanahistoria wa Uskoti, ainyooshe. (Huyu si Richard Burton, msafiri aliyehasimiana na Speke.) Sentensi zikapangwa upya, na mambo mengine yakaondolewa. Mwezi wa Septemba 1864 Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, wala hawezi tena kuulizwa. Tukitaka kuyajua mabadiliko hayo leo, twategemea hasa muswada wake na kurasa za majaribio za mchapishaji, ambazo hazikutupwa. Zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti.

Jambo hili si dogo. Kitabu kile kilieneza dhana ya kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi, dhana ambayo baadaye ilileta madhara makubwa. Hivyo mwanafunzi wa Karagwe hana budi kuuliza: Rumanyika alisema nini, Speke aliongeza nini, na Burton alinyoosha nini? Swali hilo la tatu halijibiki kwa kitabu peke yake. Hujibiwa na mabaki.

Sasa tutazame zama zetu. Mwanafunzi akusanyaye masimulizi ya wazee wa Kayanga, au wa Murongo katika Wilaya ya Kyerwa iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, aghalabu huyaandika kwa kompyuta. Hati ifunguliwapo katika Microsoft Word, programu hufanya faili dogo lililofichwa, ambalo jina lake huanza kwa alama ~$. Ndani yake mna jina la mtumiaji tu. Huweza kufanya pia mafaili yaanzayo kwa ~WRL, nayo huwa na maneno ya hati yenyewe. Programu ikifungwa vema, huyafuta yote. Umeme ukikatika ghafla, hubaki.

Basi yatupasa kufuata utaratibu. Kwanza programu ifungwe, maana kufuta faili lililo kazini kwaweza kuharibu hati. Faili la ~$ lililosalia lifutwe bila wasiwasi. Lile la ~WRL linakiliwe kwanza mahali pengine, nakala ifunguliwe na kulinganishwa na hati. Ikiwa lina usemi wa mzee ambao baadaye ulinyooshwa, lihifadhiwe kwa jina lililo wazi na tarehe. Ikiwa halina kitu kipya, lifutwe.

Wala sisemi kwamba kila kitu kitunzwe. Mzee akiomba jina lake liondolewe, nalo likasalia katika faili la muda, kulifuta ni wajibu, kwani ahadi kwa msimulizi hutangulia haja ya mwanahistoria. Lakini aamuaye awe ni mwandishi aliyekwisha kusoma, asiwe mfagiaji. Karatasi za Speke zilidumu kwa sababu watu walizitunza. Kompyuta haina desturi hiyo, bali hufuta kama ilivyoagizwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na masimulizi ya Karagwe na Kyerwa ni mali, ambayo wenye kuyajua wanapungua mwaka hata mwaka.