Okoa DVD za harusi kabla hazijafifia

Jamaa wa Mombasa wakinitembelea huku Mukumu, Kakamega, huniletea DVD za harusi za zamani niwatolee nakala. Nyingi ni za kuchomwa kwa kompyuta, si za kiwandani. Picha zake zimeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Mkwaruzo mdogo huweza kusuguliwa ukaisha. Rangi ikifa haina dawa.

Ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kisha nakili yote bila kubana. Programu ya MakeMKV huhamisha picha na sauti kama zilivyo. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, ya mawili GB 8.5, hivyo diski ya nje ya TB 1 hubeba zaidi ya 100. Kompyuta ikishindwa kuisoma, jaribu nyingine. Visomaji havilingani nguvu.

Wengi hukimbilia kubana ili video iingie kwenye simu, na shela ya bibi harusi ikageuka vibonge. Ukilazimika, bana kutoka kwenye ile nakala, usiifute. Katika HandBrake weka ubora RF 18 hadi 20 (namba ndogo ndiyo bora), acha ukubwa wa 720 kwa 576, na uondoe ile mistari inayotokea watu wakicheza. Sauti usiiguse kabisa: pembe za vugo zikibanwa hukwaruza masikio.

Nakala moja ibaki kwako, ya pili kwa ndugu wa mji mwingine.