Bre-X: Dhahabu ya Busang iliyowatia hasara wanahisa wadogo

KAMPUNI ya Bre-X Minerals ya Calgary, Kanada, ni mfano usiokosekana kila wawekezaji wadogo wanapojadili hisa za kampuni changa ya kutafuta dhahabu. Kampuni za aina hiyo huwa hazina mgodi wala mauzo. Fedha za uchorongaji huzipata kwa kuuza hisa, na bei ya hisa hufuata majibu ya maabara.

Bre-X, iliyoongozwa na dalali wa zamani wa hisa, David Walsh, ilinunua eneo la Busang, Kalimantan Mashariki nchini Indonesia, mwaka 1993 kwa ushauri wa mjiolojia John Felderhof. Wakati huo hisa zake zikiuzwa kwa senti. Kufikia Februari 1997, makadirio ya dhahabu ya Busang yalitangazwa kuwa wakia milioni 70, yaani zaidi ya tani 2,000. Katika kilele chake thamani ya kampuni ilizidi dola bilioni 6 za Kanada, ingawa haikuwa imeuza hata gramu moja ya dhahabu.

Katika mji mdogo wa St. Paul, Alberta, habari zilienea jirani kwa jirani, na wakazi wengi wakanunua. Aliyetia shaka alijibiwa kwamba mifuko ya pensheni imo, na kwamba makampuni makubwa yanagombea Busang. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Miongoni mwa waliogombea ilikuwamo Barrick, ambayo mwaka 1999 iliinunua Sutton Resources, mmiliki wa Bulyanhulu, Kahama. Hata hivyo, wote hao walikuwa wakisoma takwimu zilezile za Bre-X.

Kwa desturi ya wachorongaji, kila kipande cha mwamba hupasuliwa. Nusu hupelekwa maabara, nusu hutunzwa ili mwingine aweze kuhakiki. Busang karibu mwamba wote ulisagwa. Kabla sampuli hazijafika maabara, zilitiwa chembe za dhahabu kutoka nje, nyingi zikiwa za mviringo kama zile za mtoni. Maabara haikukosea vipimo: dhahabu ilikuwamo kweli ndani ya mfuko, ila haikuwamo katika mwamba.

Machi 19, 1997, Michael de Guzman, Mfilipino aliyesimamia utafiti huo, alianguka kutoka kwenye helikopta akafariki. Wiki moja baadaye Freeport-McMoRan, iliyoingia ubia mwezi Februari, ilitangaza kuwa mashimo yake ya uhakiki yalikuwa na dhahabu kidogo mno. Hisa zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 80, na wingi wa wauzaji ukazielemea kompyuta za soko la Toronto. Mwezi Mei wakaguzi huru wa Strathcona walithibitisha udanganyifu. Mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario ulipoteza takriban dola milioni 100 za Kanada. Wanahisa wadogo walibaki na vyeti visivyo na thamani.

Walsh alifariki mwaka 1998. Felderhof, aliyeshtakiwa kwa kuuza hisa akitumia taarifa za ndani, aliachiwa huru mwaka 2007, naye alifariki mwaka 2019. Hakuna aliyefungwa. Tangu 2001 kanuni za Kanada zinataka makadirio ya madini yanayotangazwa kwa umma yaandaliwe na mtaalamu mwenye sifa zinazotambulika, ambaye jina lake hutajwa.